Mbu wa chooni, madafu na mabusha: maswali ya wanafunzi wa ikolojia, Mikindani

Mwanafunzi mmoja wa Mikindani aliniuliza ikolojia, yaani elimu ya viumbe na mazingira yao, itamsaidia nini, wakati yeye anataka kusomea udaktari. Nilimjibu kwa ugonjwa anaouona mtaani tangu utotoni: matende na mabusha. Wenzake wakaongeza maswali.

Mwalimu, mfumo ikolojia na makazi si kitu kimoja?
Makazi ni pale kiumbe anapoishi. Mfumo ikolojia ni viumbe wote wa eneo pamoja na maji, udongo, joto na mwanga wao. Mikoko ya ghuba yetu ni mfumo ikolojia. Shimo la choo lililojaa maji nalo ni mfumo ikolojia: bakteria wanaozesha uchafu, viluwiluwi wa mbu wanakula bakteria hao.

Mbu si ni mbu tu?
Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Anofelesi, anayeleta malaria, hupenda maji yaliyotuama yasiyo machafu sana, kama madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga. Kuleksi hutaga kwenye maji machafu: vyoo vya shimo, makaro, mitaro iliyoziba. Wote wawili wanaweza kubeba minyoo ya matende, ila mjini msambazaji mkuu ni kuleksi. Ukifukia dimbwi na kuacha karo wazi, umemfukuza mmoja tu.

Bibi anasema mabusha yanaletwa na madafu. Ni kweli?
Bibi ameona jambo la kweli: mabusha ni mengi pwani, na minazi ni mingi pwani. Lakini vitu viwili kukaa makazi mamoja si ushahidi kwamba kimoja kinazaa kingine. Mnazi unapenda joto na unyevu. Mbu naye vilevile.

Anayeleta ugonjwa ni kimelea, yaani kiumbe anayeishi ndani ya mwingine na kumdhuru: mnyoo mwembamba kama uzi aitwaye Wuchereria bancrofti. Mwenyeji wake, yaani anayeishi ndani yake, ni binadamu. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mirija ya limfu, inayopitisha majimaji ya mwili, kwa miaka kadhaa, wakizaa watoto wadogo sana wanaojaa kwenye damu usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane. Ndiyo saa kuleksi anapouma. Akifyonza damu huwameza, na ndani yake watoto hao hukua kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha huingia kwa mtu mwingine kupitia kidonda cha kuumwa. Kwa kawaida huchukua kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka, mtu apate ugonjwa. Dafu kunywa bila hofu.

Nini hupunguza idadi ya mbu?
Kila kiumbe ana kitu ambacho kikikosekana hawezi kuongezeka. Kiluwiluwi wa kuleksi anahitaji hewa, na huipata kwa kupandisha mrija wake hadi juu ya maji. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo na makaro yenye maji vilimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika uso wa maji. Viluwiluwi wakakosa hewa, mbu wakapungua sana, na kwa kuwa watu walipewa na dawa, maambukizi nayo yakashuka. Huo mfano naupenda kuliko wote: hakuna sumu iliyopulizwa, mtu alijua tu mdudu anapumuaje.

Basi kingatiba, zile dawa za kinga wanazogawiwa watu, ya nini?
Kwa sababu mbu hazaliwi akiwa na minyoo hawa, anawatoa kwetu. Aivamektini na albendazo huua watoto wa minyoo waliomo kwenye damu. Wakubwa wengi hubaki na kuzaa tena, ndiyo maana dawa hurudiwa kila mwaka. Anayezikwepa akiwa mzima wa afya anabaki kuwa hazina ya kimelea kwa mtaa mzima. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawapewi.

Na babu ambaye mguu umeshavimba?
Aoshwe mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe vizuri hadi katikati ya vidole, auinue anapokaa, na atembee anavyoweza. Vidonda vidogo vitibiwe mapema. Busha hutibiwa kwa upasuaji. Mpelekeni hospitali, msimfiche ndani.