Eti wimbo wa taifa tumewaibia Wasauzi?
Kila nikipiga Mungu Ibariki Afrika kwenye kinanda changu lazima mtu aseme "hii si tumewaibia Wasauzi". Hapana bwana. Melodi kweli ni ya Msauzi, Enoch Sontonga, mwalimu aliyeitunga 1897, ila sisi tunaipiga kama wimbo wa taifa tangu uhuru 1961, wakati kule serikali ya makaburu bado inapiga Die Stem, wimbo wao wa taifa wa zamani, wao wameipitisha rasmi 1994. Zambia nao wana melodi hiyohiyo, mbona hamuwasemi? Ila usijifunze kwa video za Sauzi, maana tangu 1997 wameunganisha nyimbo mbili, huu na Die Stem, wanaanza kwenye ufunguo (key) wa G halafu katikati wanahamia D, mimi vidole vilibaki G peke yangu, aibu tupu.