Kazi za vikundi mtandaoni: mkufunzi anaangalia nini kwenye wiki na podikasti

Kila matokeo ya kazi za vikundi yanapotangazwa, kitengo chetu cha masomo ya mtandaoni hupokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaosema walibeba kazi yote na wenzao wakavuna alama zilezile. Wapo pia wanaosema walishiriki tangu mwanzo hadi mwisho lakini wameandikiwa sifuri. Tangu podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, ikubaliwe kuwa kazi ya kupimwa, malalamiko yamezidi, na mengi yanatokana na kutojua mkufunzi anaangalia nini anapotoa alama.

Anaangalia historia ya marekebisho. Ukurasa wa wiki, yaani tovuti ambayo wanakikundi wote huiandika na kuihariri pamoja, hutunza matoleo yake yote: nani alihariri, lini, aliongeza nini, alifuta nini. Mkufunzi akikuta aya kumi na mbili zimebandikwa kwa mkupuo usiku wa mwisho kutoka akaunti moja, hata ziwe nzuri kiasi gani, anachokiona ni kazi ya mtu mmoja. Akikuta mwanafunzi ameandika sentensi, mwenzake akaikata nusu na kuuliza, "Takwimu hii umeitoa wapi?", kisha yule wa kwanza akarudi na chanzo na kuiandika upya, hapo pana kujifunza kwa pamoja, na wote wawili wanapata alama za ushirikiano. Kwa hiyo tafadhali acheni kuandika kila mtu kwenye faili lake kisha kumkabidhi mmoja abandike. Tunalirudia hili kila muhula. Aliyebandika ndiye anayeonekana. Wengine, kwa mujibu wa kumbukumbu, hawakuwepo.

Wengi wanaona haya kugusa sentensi ya mwenzao. Haya hiyo inaeleweka, lakini kwenye wiki haina nafasi. Mtaalamu wa programu Ward Cunningham alipoweka wiki ya kwanza mtandaoni mwaka 1995, lengo lilikuwa wataalamu wa programu waandike na kusahihishana kwenye ukurasa uleule. Mwaka 2001 Wikipedia ikaanza kwa mtindo huohuo. Basi hariri, ila jaza sababu kwenye kisanduku cha muhtasari wa marekebisho, hata kwa maneno matatu. Kisanduku kitupu hakipunguzi alama, ila hakimsaidii mtu siku ya rufaa.

Wengine hudhani kwamba kujifunza kwa kujibizana ni njia ya mkufunzi kukwepa kufundisha. Si kweli. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha somo la Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wakalifungua kwa yeyote duniani. Wanafunzi wa kulipa ada walikuwa 25. Waliojiunga bure walizidi elfu mbili. Walimu wawili wasingeweza kumjibu kila mtu. Washiriki waliandika kwenye kurasa zao wenyewe, wakasomana na kujibizana, na majibizano hayo yakawa sehemu ya somo lenyewe.

Sasa podikasti. Faili la sauti lililorushwa kwenye kundi la WhatsApp si podikasti, na hatulipokei. Podikasti hufuatwa kwa mlisho wa RSS: msikilizaji hujiunga mara moja, na kila kipindi kipya kinamfikia chenyewe. Tunasisitiza mlisho kwa sababu kikundi cha pili kinatakiwa kusikiliza na kujibu kwa kipindi chake. Sauti iliyotumwa kwenye kundi sogozi, kufikia kesho yake, imefunikwa na salamu na picha, na wanaotakiwa kujibu hawaioni tena.

Rekodini kwa mono (sauti ya mkondo mmoja), kilobiti 64 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 20 kitakuwa na takriban megabaiti 9.6, mkitumia kilobiti 128 kitafika 19.2, na kwa mazungumzo matupu hamjaongeza chochote cha maana. Mwenzenu mwenye bando dogo atashindwa kupakua, kisha mtamlalamikia kwamba hakuchangia.

Nakala ya maandishi ya kila kipindi ni lazima. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, tangu toleo la 2008 inataka sauti iliyorekodiwa iwe na mbadala wa aina hiyo, na sharti hilo liko kwenye ngazi ya chini kabisa, ngazi A. Mwanafunzi asiyesikia ni mwanakikundi kamili. Nakala hiyo iwekwe kwenye wiki pamoja na dakika, ili mwenye hoja juu ya jambo lililosemwa dakika ya 7 aandike palepale.

Kuhusu hakimiliki, tunaomba umma utuelewe vizuri. Hakuna kanuni ya jumla inayoruhusu muziki wa sekunde 30 bila ruhusa. Kutaja jina la msanii peke yake si ruhusa. Kitu kuwa mtandaoni hakukifanyi kiwe cha bure. Tumieni kazi zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye kazi huitoa ili wengine waitumie kwa masharti yaliyotajwa, na msome leseni hadi mwisho: yenye alama NC hairuhusu matumizi ya kibiashara, yenye ND hairuhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa. Kwenye toleo la 4.0 la leseni hizo, ukikiuka masharti leseni inakatika yenyewe. Inarudi yenyewe ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua. Kwa upande wetu, kipindi chenye muziki usio na ruhusa huondolewa kwenye mlisho kwanza, kikundi huarifiwa kwa maandishi, na alama husimamishwa hadi kirekodiwe upya. Kosa likirudiwa, suala linapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na hapo kitengo hakina tena mamlaka ya kulirudisha nyuma.

Utaratibu huohuo unahusu sauti ya mtu aliyerekodiwa bila ridhaa. Ridhaa itolewe kabla ya kurekodi na itaje kwamba kipindi kitasikilizwa nje ya darasa.

Anayetaka kukata rufaa aandike kwa mkufunzi wa somo kwanza, kabla ya tarehe iliyo kwenye mwongozo wa somo, ndipo aje kwetu. Aambatishe kiungo cha historia ya ukurasa, jina la akaunti aliyotumia, na orodha ya vipindi alivyoshiriki pamoja na dakika anazosikika. Aliyehariri sauti au kuandika maswali bila kusikika aoneshe mahali kwenye wiki alipoyaweka. Picha za skrini za kundi sogozi zinaweza kuongezwa, lakini rufaa yenye picha hizo peke yake itarudishwa kwa mwenyewe bila kusikilizwa.