Albamu ya nyimbo za jukwaani: mwimbaji mkongwe anaimba maneno ya nani?

Siku ya mechi, kwenye ukumbi mmoja wa kutazamia mpira huku Langoni, Lamu, vijana wenye jezi nyekundu husimama kabla ya kipenga na kuimba pamoja na watu wa Anfield, uwanja wa timu ya Liverpool: You'll Never Walk Alone, yaani hutatembea peke yako kamwe. Wanaujua neno kwa neno. Ukiwauliza wimbo ni wa nani, watakwambia wa Liverpool, basi.

Wimbo huo ulitungwa na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein kwa ajili ya Carousel, mchezo wa kuigiza uliofunguliwa New York mwaka 1945. Humo, mwanamke mjamzito aitwaye Julie yuko mbele ya maiti ya mumewe, aliyejichoma kisu chake mwenyewe baada ya wizi kumharibikia. Hajui aende wapi wala ashike lipi. Nettie, jamaa yake aliyemzidi umri, ndiye anayemwimbia maneno yale. Ni rambirambi. Mwaka 1963 kikundi cha Gerry and the Pacemakers, watoto wa Liverpool, kiliufanya wa pop, ukapanda namba moja Uingereza, na mashabiki wakauchukua moja kwa moja.

Huo ni mfano wa wimbo wa jukwaani: wimbo uliozaliwa ndani ya mchezo wa kuigiza ambamo watu huzungumza, kisha hisia zikizidi mazungumzo, huimba. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita mchezo huo tamthilia ya nyimbo. Mitaa yake mikuu ni miwili, Broadway kule New York na West End kule London. Na mwimbaji wa pop aliyekwisha kuimba miaka mingi akizikusanya nyimbo kutoka tamthilia mbalimbali, akaingia studio kuzirekodi kwa sauti yake, ndipo tunapopata albamu ya nyimbo za jukwaani.

Isichanganywe na rekodi ya waigizaji wenyewe, ambayo ni mchezo mmoja, waimbaji wale wale wa jukwaani, nyimbo zikifuatana kama kisa kinavyokwenda. Tamthilia ya Oklahoma! ilitolewa hivyo mwaka 1943, ikafungua njia. Albamu ninayoieleza hapa huchota huku na huku, na mwimbaji ni mmoja tu.

Kwetu Lamu jambo hili si geni kama linavyosikika. Chukua vugo. Wanawake hushika pembe za nyati, wakazigonga kwa vijiti, wakaimba harusini. Nyimbo zile zina mahali pake. Kuna wakati wa kwenda njiani, kuna wakati wa kufika mlangoni, na maneno hulenga watu waliopo. Shangazi yangu amepiga vugo tangu usichana wake. Ukimwomba akuimbie wimbo mmoja sebuleni, hakubali hivi hivi. Huuliza kwanza, "Harusi ya nani?" Nilipokuwa mdogo nikidhani anaringa. Sasa namwelewa: bila harusi hajui anamwimbia nani, na bila kumjua huyo, hajui aimbeje.

Swali hilo hilo ndilo linalomkabili mwimbaji mkongwe studioni. Ameukata wimbo kutoka kwenye kisa chake. Hakuna maiti ya mume, hakuna pazia, hakuna waigizaji wenzake, na msikilizaji huenda hajui lolote kuhusu mchezo wenyewe. Lazima harusi aibebe mwenyewe kooni.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Barbra Streisand, mwimbaji wa Marekani. Huyu alianzia jukwaani. Alitokea Broadway mwaka 1962, na mwaka 1964 tamthilia ya Funny Girl ikamfanya nyota. Kisha akaenda kwenye filamu na pop, akauza santuri nyingi, na mwaka 1980 akaimba Woman in Love, uliotungwa na ndugu wawili wa kikundi cha Bee Gees. Mwaka 1985, akiwa na miaka 43, alitaka kurudi kwenye nyimbo za tamthilia. Wakubwa wa kampuni ya rekodi hawakufurahi. Waliona hizo si pop, nani atazinunua? Alishikilia, The Broadway Album ikatoka, na mapema mwaka 1986 ilikuwa namba moja Marekani.

Sikiliza alivyoifungua. Wimbo wa kwanza ni Putting It Together, wa mtunzi Stephen Sondheim, uliotoka kwenye tamthilia yake ya Sunday in the Park with George ya mwaka 1984. Mchezoni, anayeuimba ni msanii aliyezungukwa na matajiri kwenye hafla, akieleza taabu ya kutafuta fedha za kufanyia kazi yake. Streisand alimwomba Sondheim aubadilishe maneno, naye akakubali. Kwenye albamu, tunasikia sauti za wanaume wanaoigiza wakubwa wa kampuni wakimkatisha tamaa mwimbaji, kwamba nyimbo hizi hazitauzika. Wimbo wa msanii na wafadhili wake ukawa wa mwimbaji na kampuni yake. Hapo ndipo dhana nzima inapoonekana: mhusika wa zamani ametoka, na mwimbaji ameingia mahali pake na maisha yake mwenyewe.

Si kila wimbo hubadilishwa maneno. Wengi hawagusi hata herufi. Wanachobadilisha ni ala, mwendo, na kiasi cha sauti. Jukwaani mwimbaji lazima amfikie aliyekaa kiti cha mwisho juu kabisa. Studioni kipaza sauti kiko karibu na midomo, basi anaweza kunong'ona, akavuta pumzi ikasikika, akausogelea wimbo kama mtu anayesema siri. Hilo peke yake huweza kuugeuza wimbo wa kishindo ukawa wa faragha.

Kwa nini wakongwe hasa? Kampuni zina sababu zao za biashara, kwani msikilizaji wa makamo hupenda wimbo anaoujua kwa sauti anayoijua. Lakini mimi naona sababu kubwa ni kwamba nyingi ya nyimbo hizi ziliandikwa kwa wahusika waliokwisha kuumia. Send in the Clowns, yaani waleteni wachekeshaji, pia wa Sondheim, wa mwaka 1973 katika A Little Night Music, ni maneno ya Desirée, mwigizaji wa makamo. Zamani alimkataa mwanamume mmoja. Sasa yeye yuko tayari, na yule bwana ana mke kijana. Sondheim aliuandika akimfikiria Glynis Johns, mwigizaji wa kwanza wa Desirée, ambaye sauti yake ilikuwa nzuri lakini pumzi zake fupi, kwa hiyo sentensi za wimbo nazo ni fupi, nyingi zikiwa maswali. Msichana wa miaka 20 ataziimba noti zote sawasawa na bado asiseme kitu.

Wimbo huo nao umo kwenye albamu ya Streisand. Mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya futari, nilimwekea shangazi kwenye simu. Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Alisikiliza kidogo, akaniinulia mkono nisimamishe.

"Nambia kwanza, mwanangu. Huyu yuwamwambia nani?"

Nikamsimulia: mapenzi ya zamani, kukataa, kujuta, mke kijana. Nikamweleza kwamba wachekeshaji wanaotajwa ni wale wa jukwaani, wanaoitwa mchezo unapoharibika ili watu wasione aibu ya waigizaji. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, weka tena." Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, kijiko kikiwa bado mkononi.

"Na yule bwana," akauliza, "alirudi?"

Nikamwambia kwenye mchezo, ndiyo, anarudi, na mwishoni wanauimba tena kidogo, yeye na yule mwanamke pamoja. Akataka nimwekee hapo. Nikatafuta, nikamweleza kwamba kipande hicho kwenye albamu hakimo. Humo yule mwanamke yuko peke yake, na wimbo unaofuata ni wa mchezo mwingine.