Nchi ikijitoa kwenye umoja, haki za mfanyakazi huenda wapi?

Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, wengi hata hapa Dodoma waliamini kwamba wafanyakazi wa kule walipoteza haki zao usiku uleule. Sivyo. Kulipokucha, likizo ilikuwa ileile na ukomo wa saa 48 za kazi kwa wiki ulikuwa palepale.

Kwanza, si kila haki ilitoka Ulaya. Uingereza ilijiunga mwaka 1973, wakati kinga dhidi ya kufukuzwa kazi isivyo haki ilishawekwa na sheria yao ya 1971. Kima cha chini cha mshahara, kilichoanza 1999, ni kazi ya Bunge lao wenyewe. Likizo ya mwaka Ulaya hudai wiki 4; Uingereza hutoa 5.6. Likizo ya uzazi Ulaya ni wiki 14, Uingereza hufika 52. Na zile zilizotoka Ulaya kweli, sheria ya 2018 ilizihamishia kwenye vitabu vya Uingereza.

Basi kilichoondoka ni nini? Tazama mzabibu wa Hombolo, uliotambazwa kwenye waya na nguzo. Ukizing'oa nguzo, mizizi inabaki ardhini na majani hayanyauki siku hiyo. Ila matawi yamelala chini, na sasa mbuzi anayafikia. Nguzo za Ulaya zilikuwa mbili. Bunge la London likishusha haki chini ya kiwango cha pamoja, mahakama iliweza kuiweka kando sheria hiyo; na mfanyakazi aliyeumizwa aliweza kuidai serikali fidia, kufuatia hukumu ya 1991 katika kesi iliyotoka Italia. Zote mbili zimeng'olewa, ile ya kwanza ikiisha kabisa mwanzoni mwa 2024.

Ajabu ni kwamba mwishoni mwa 2023 serikali iliyokuwa ikizing'oa ililazimika kutunga kanuni mpya, ili haki zilizojengwa na hukumu za Ulaya zisiyumbe. Mojawapo ni haki ya mgonjwa kuhamishia mwaka unaofuata likizo aliyoshindwa kuitumia. Mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya nao unakataza kushusha viwango, lakini pale tu biashara au uwekezaji unapoathirika, jambo gumu kulithibitisha.

Kwetu, mwaka 1977 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa yenyewe mwajiri wa watu wa reli, bandari, posta na ndege. Ilipovunjika, mwajiri hakuwepo tena. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulisainiwa Arusha mwaka 1984, na bado wazee wetu waliendelea kudai mafao yao miaka mingi baadaye. Hilo halikupaswa kuwapata.

Jumuiya ya leo ni tofauti. Saa 45 za kazi kwa wiki na likizo ya siku 28 zimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, iliyotungwa na Bunge letu, kwa hiyo Tanzania ikijitoa hazitikisiki. Atakayetikisika ni fundi wa Dodoma aliyepata kazi Nairobi au Kigali, maana haki yake ya kwenda kuajiriwa huko imo kwenye Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010.