Duma ya Urusi: bunge lililokaa chini ya Tsar

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno Duma humjia kwanza yule mnyama wa madoa na mbio. La Warusi halihusiani naye. Limetoka kwenye kitenzi chao dumat, kufikiri, na zamani lilitumika kwa baraza la wakubwa waliokaa na mtawala kumshauri. Shika hilo la kushauri, kwa sababu Tsar Nikolai wa Pili alitamani mambo yaishie hapo.

Kihistoria, Duma ya Dola ni bunge la kuchaguliwa lililokuwapo Urusi kuanzia 1906 hadi 1917, chini ya mfalme ambaye sheria iliendelea kumwita mtawala wa kiimla. Alilikubali kwa kubanwa. Januari 1905 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa St. Petersburg waliokuwa wakimpelekea maombi, na vita dhidi ya Japani vilikuwa vinamwendea kombo. Agosti akatangaza Duma ya ushauri mtupu, ambayo haikukutana hata siku moja, maana Oktoba mgomo ulisimamisha reli na viwanda. Ndipo tarehe 17 Oktoba, kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo iliyokuwa nyuma kwa siku 13, alipotia saini ilani iliyoandaliwa chini ya afisa wake mkuu Sergei Witte: hakuna sheria itakayopata nguvu bila idhini ya Duma.

Ahadi nzito. Lakini siku 4 tu kabla ya Duma kufunguliwa, Tsar akatoa Sheria za Msingi, na humo ndimo mtego ulimotegwa. Maneno "isiyo na mipaka" yalifutwa kwenye maelezo ya mamlaka yake. Neno "kiimla" likaachwa. Mawaziri aliwateua yeye na walimjibu yeye. Wabunge waliweza kuwahoji, si kuwang'oa. Juu ya Duma kulikuwa na Baraza la Dola, nusu ya wajumbe wake wateule wa Tsar, na muswada ukivuka kote huko bado yeye aliweza kuukataa. Kisha ibara ya 87: Duma isipokuwa kwenye kikao, serikali inaweza kutoa sheria ya dharura, ilimradi iifikishe mbele ya wabunge ndani ya miezi 2 baada ya kurudi. Na nani aliyeamua lini wabunge wako kwenye kikao? Tsar huyohuyo.

Duma ya kwanza ilifunguliwa tarehe 27 Aprili 1906 katika Kasri la Majira ya Baridi, upande mmoja maofisa wa ikulu waliovaa nyuzi za dhahabu, upande wa pili wakulima na viatu vyao vya kazi. Wakulima walikuja na jambo moja, ardhi. Walitaka mashamba ya mabwana yagawiwe. Serikali ilikaa kimya kwa wiki kadhaa, halafu ikaleta muswada wake wa kwanza: fedha za kujenga banda la kioo la kuoteshea mimea na chumba cha kufulia nguo katika Chuo Kikuu cha Yuryev, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Wabunge waliona wanadhihakiwa, na mimi siwalaumu.

Siku 72 baadaye Duma ikavunjwa. Wabunge karibu 200 wakavuka hadi Vyborg, mji uliokuwa Finland wakati huo, wakawaambia wananchi wasilipe kodi wala kutoa vijana wa jeshi. Wananchi hawakuitikia. Wengi wa waliosaini walifungwa miezi 3 na kupoteza haki ya kugombea tena.

Duma ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza, nayo ikavunjwa tarehe 3 Juni 1907. Siku hiyohiyo Tsar alibadilisha sheria ya uchaguzi peke yake, jambo ambalo Sheria zake mwenyewe zilimkataza kufanya bila Duma. Wenye mashamba makubwa wakapewa karibu nusu ya wapiga kura wa ngazi ya mwisho, yaani wajumbe waliochagua wabunge wenyewe, Wapoland wakapunguziwa viti, na Asia ya Kati ikafutwa kabisa.

Bunge lililotokana na hesabu hiyo lilimaliza miaka yake 5. Mwaka 1908 Waziri wa Fedha, Kokovtsov, aliwaambia wabunge wakiwa wamekaa mbele yake kwamba Urusi, Mungu ashukuriwe, bado haina bunge. Machi 1911 Waziri Mkuu Stolypin aliona muswada wake wa serikali za mitaa za majimbo ya magharibi umeangushwa na Baraza la Dola. Akamshawishi Tsar asimamishe mabaraza yote mawili kwa siku 3, na katika siku hizo 3 muswada ukatoka kama sheria ya dharura chini ya ibara ya 87. Hata waliokuwa wakiuunga mkono walichukia.

Max Weber, msomi Mjerumani, aliuita mfumo huu ukatiba wa bandia tangu 1906. Kwa karatasi za sheria alikuwa sahihi. Kilichomponyoka Tsar ni midomo: yaliyosemwa ndani ya Duma yaliandikwa magazetini, na nchi ikazoea kusikia waziri akiulizwa maswali hadharani. Tarehe 1 Novemba 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mbunge Pavel Milyukov alitaja makosa ya serikali moja baada ya jingine akiuliza: huu ni ujinga au ni uhaini? Wakaguzi waliifuta hotuba, magazeti yakatoka na nafasi nyeupe, na nakala zilizopigwa taipu zikasambaa hadi kwa askari vitani.

Februari 1917, mji mkuu ukiwa umeasi, ikaja tena amri ya kusimamisha Duma. Wabunge hawakuikaidi waziwazi. Walihamia ukumbi mwingine wa jengo lilelile, wakakiita kikao chao mazungumzo ya faragha, na humo wakaunda kamati ya muda. Siku 3 baadaye Nikolai alijiuzulu.