Udhibiti wa mkono mmoja katika sarafu za kidijitali: maana yake na hatari yake

Udhibiti wa mkono mmoja ni hali ambayo daftari zima la fedha, yaani nani ana kiasi gani na nani amemlipa nani, limo mikononi mwa taasisi moja, iwe benki kuu au kampuni, na hakuna malipo yanayokamilika mpaka taasisi hiyo iyaandike.

Mchuuzi anapomkabidhi mvuvi noti ya shilingi 10,000 katika diko la Malindi, Unguja, na kuondoka na mtungo wake wa changu, biashara imekwisha hapo hapo. Noti ile imetolewa na Benki Kuu ya Tanzania, lakini Benki haimo katika mapatano yao wala haijui kwamba yamefanyika. Fedha ikiwa ya kidijitali na mdhibiti wake ni mmoja, mtu wa tatu huwamo kila mara, naye anaweza kuyapitisha malipo, kuyazuia au kuyawekea masharti.

Mambo haya yameshatokea. Oktoba 2020, katika majaribio ya yuan ya kidijitali mjini Shenzhen, China, watu 50,000 waligawiwa yuan 200 kila mmoja, na zisizotumika ndani ya siku chache zilirudishwa. Agosti 2022 kampuni ya Circle, inayotoa USDC, sarafu ya kidijitali yenye thamani ya dola, ilizifungia USDC zaidi ya 75,000 baada ya Marekani kuiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuficha njia ya malipo ya sarafu za kidijitali. Huenda sababu zilikuwa njema; linalonitia wasiwasi ni kwamba uwezo huo hubaki palepale hata wenye nia njema wakishaondoka.

Hatari nyengine, ya kitu kimoja kuharibika na kila kitu kusimama, haihitaji nia mbaya ya mtu yeyote, nasi wa Unguja tunaijua vyema. Disemba 2009 njia moja ya umeme kutoka bara iliharibika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010, na mabomba ya maji yakakauka kwa kuwa pampu hazikuwa na umeme. Vivyo hivyo DCash, sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu ya Karibi ya Mashariki, ilizimika Januari 2022 kwa karibu miezi miwili kwa sababu cheti kimoja cha usalama cha mfumo wake kilikuwa kimemaliza muda.

Bitcoin hulikwepa jambo hili kwa kulihifadhi daftari katika maelfu ya kompyuta, ingawa ina matatizo yake mengine.

Januari 2023 Benki Kuu ya Tanzania ilieleza kuwa itakwenda hatua kwa hatua katika suala la shilingi ya kidijitali. Basi huu ndio wakati wa kuuliza nani ataruhusiwa kufunga akaunti, kama itahitajika amri ya mahakama, na mvuvi wa Wete atalipwa vipi siku ambayo mtandao umezimika.