Sindano ya mjamzito inamkinga nani? Maswali kuhusu pepopunda na kichanga

Nimeanza kliniki, nikachomwa sindano begani. Nesi anasema ni ya pepopunda. Sijajikata popote, ya nini?

Inakukinga wewe, lakini zaidi inamkinga mtoto. Mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa miaka mingi kwenye udongo, vumbi na samadi. Mtu mzima huzipata kwa kukanyaga msumari au kwa jeraha la jembe. Kichanga naye huzaliwa na jeraha lake tayari, nalo ni kitovu. Wembe uliokwisha kutumika, uzi mchafu, majivu au kinyesi cha ng'ombe kinachopakwa ili kitovu kikauke upesi, vyote huwafungulia mlango. Humo kidondani bakteria hutoa sumu inayokaza misuli.

Kinachoumiza moyo ni kwamba mtoto huyu huzaliwa mzima. Analia, ananyonya vizuri siku mbili za kwanza. Halafu, kati ya siku ya 3 na ya 28, taya zinakaza, ziwa linamshinda, mwili unakakamaa na anashtuka kila akiguswa. Ukiona hivyo, usingoje kukuche wala usianze na mganga, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Asipotibiwa, karibu hakuna anayepona. Hata anayetibiwa, hatari ya kumpoteza bado ni kubwa.

Lakini huu si ugonjwa wa zamani?

Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pepopunda iliua vichanga wapatao 787,000 duniani. Kufikia 2018 makadirio yalishuka hadi 25,000 hivi, na chanjo ya wajawazito ina sehemu kubwa katika kupungua huko. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kwa akina mama na vichanga, Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Lakini hapo "kutokomeza" maana yake ni wanaougua kubaki chini ya mtoto 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Udongo haujatakaswa. Tukiacha kuchanja, ugonjwa utarudi.

Majirani zangu wote wamechanjwa. Si inatosha?

Hapana, na hapa pepopunda ni tofauti na surua. Surua huambukizwa mtu kwa mtu, kwa hiyo wengi wakichanjwa hata asiyechanjwa hupata ahueni. Pepopunda hutoka ardhini, haitoki kwa jirani. Chanjo ya jirani haimsaidii mwanao hata kidogo. Tena hata mtu aliyeugua akapona hapati kinga, anahitaji chanjo vilevile.

Kinga inafikaje kwa mtoto?

Inapita kwenye kondo la nyuma. Ukichanjwa, mwili wako hutengeneza kingamwili, na kondo humpelekea mtoto, hasa miezi ya mwisho ya ujauzito. Kazi hiyo inataka muda. Dozi ya pili hutolewa wiki 4 au zaidi baada ya ya kwanza, na inatakiwa iwe imeingia angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ndiyo maana nawasihi akina mama msingoje tumbo lionekane ndipo mwanze kliniki. Najua kwa nini mimba changa hufichwa. Nesi naye ana wajibu wa kukutunzia siri.

Kama umechelewa na sasa ni mwezi wa nane, nenda hivyo hivyo. Hakuna dozi inayopotea.

Nilichomwa mimba ya kwanza. Hii ya pili narudia?

Unaendelea ulipoishia. Dozi ya tatu huja miezi 6 au zaidi baada ya ya pili, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Ukifikisha tano, umekingwa kwa miaka yako yote ya kuzaa. Kwa hiyo tunza kadi, hata ya mtoto aliyekwisha kuanza shule. Zile za utotoni nazo huhesabiwa kama kuna kumbukumbu. Kama hakuna, utaanza upya.

Nitajifungulia hospitali, kwa wembe mpya. Bado nahitaji?

Ndiyo. Uchungu unaweza kukushika njiani. Na kitovu hudondoka mkiwa nyumbani, si wodini. Kama bibi atakuja kumwogesha mtoto, zungumzeni mapema, kwa heshima, kwamba kitovu kitaachwa kikavu na kisafi, bila kupakwa kitu ambacho kliniki haikuelekeza.

Nilisikia sindano hii inafunga uzazi.

Uvumi huo ulivuma sana Kenya mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo imechanganywa na homoni ya kufunga uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Angalia pia foleni ya kliniki yako: akina mama waliochanjwa mimba ya kwanza wanarudi na ya pili, ya tatu, ya nne.

Itamdhuru mtoto tumboni?

Hapana. Haina bakteria hai, ina sumu iliyokwisha kuondolewa ukali. Bega litauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo.

Kuna chanjo nyingine za wajawazito?

Zipo. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro mwaka 2012, mwaka ambao vichanga 14 walikufa kwa ugonjwa huo. Ipo pia ya mafua, na tangu 2023 ipo ya virusi vya RSV vinavyobana vifua vya watoto wachanga. Uliza kituoni kwako zipi zinapatikana. Ya surua na rubela haitolewi wakati wa ujauzito, kwa sababu ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Nikichanjwa mimi, mtoto naye atachanjwa?

Atachanjwa. Kinga uliyomgawia hupungua ndani ya miezi michache. Ratiba yake huanza akizaliwa, na chanjo yenye kinga ya pepopunda humfikia akiwa na wiki 6, kisha ya 10 na ya 14.